Maneno 'council' na 'counsel' yanavyowakanganya wafasiri

ZIPO shule ambazo mlango wa ofisi ya mwalimu anayewaelekeza na kuwaliwaza wanafunzi umeandikwa 'Guidance and Councelling'. Tahajia hiyo haimo katika kamusi za Kiingereza. Aliyeiandika alichukua kichwa cha 'council' akakiunganisha na mkia wa 'counselling', na rangi ikakauka pasi na mtu kuuliza. Kosa la mlangoni halimdhuru yeyote. Mwanafunzi mwenye shida ataingia tu na atasaidiwa. Linalonikera ni kosa lilo hilo linapovuka na kuingia katika Kiswahili kupitia kwa wafasiri wa habari na wakalimani, kwa maana huko haliishii kwenye herufi.

Kwa matamshi, maneno haya ni pacha. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza, wenyeji na wageni, huyatamka kwa namna moja na sikio halina la kushika. Maana ndiyo inayoyatenga. 'Council' ni kundi la watu waliochaguliwa au kuteuliwa ili waketi, wajadili na kuamua. Kwa Kiswahili tunasema baraza. 'Counsel' ni ushauri anaopewa mtu, na pia ni kitenzi cha kushauri. Isitoshe, katika lugha ya mahakama 'counsel' ni mtu: wakili anayesimama kumtetea au kumwakilisha mwenzake. Ni maana hii ya tatu inayowaangusha wengi.

Tuanze na asili. 'Council' limetokana na neno la Kilatini 'concilium', ambalo lina sehemu mbili: 'con', yaani pamoja, na kitenzi 'calare', kuita au kutangaza kwa sauti. Picha iliyomo ni ya watu walioitwa wakakusanyika. Kitenzi hicho ndicho kilichowapa Warumi jina la siku ya kwanza ya mwezi, siku iliyotangazwa hadharani, na kutokana na jina hilo tukapata kalenda tunayoitundika ukutani. Kwa hiyo kalenda na 'council' ni binamu, ingawa hawafanani hata kidogo. 'Counsel' nalo chimbuko lake ni 'consilium', jamaa ya kitenzi 'consulere', kutaka au kufanya shauri. Ukoo huo ndio uliozaa pia 'consult' na konsuli wa ubalozini.

Mbona basi yakachanganyika? Maneno yote mawili yaliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mnamo 1066. Waandishi wa hati waliyaendeleza kila mtu apendavyo, na ilichukua hadi karne ya 16 ndipo desturi ikaanza kuyatenga. Ila tusiwalaumu makarani peke yao. Hata katika Kilatini chenyewe, 'consilium' liliweza kumaanisha shauri na pia watu wanaoshauriana. Mtu anayeketi barazani huketi ili atoe shauri. Mpaka leo wanachama wa 'Privy Council', baraza la kumshauri Mfalme wa Uingereza, huitwa rasmi 'Privy Counsellors', kwa herufi 's'. Baraza lina 'c', mwanachama wake ana 's'! Ukiona hivyo utawahurumia wanafunzi wetu.

Jambo hili linatugusa kuliko tunavyodhani. Nchi yetu ilifanywa koloni mwaka wa 1920 kwa kile kilichoitwa 'Order in Council', yaani amri ya Mfalme iliyotolewa katika baraza hilo. Anayeifasiri kuwa 'amri ya ushauri' anaipotosha historia. Ushauri humpa mtu nafasi ya kuukataa. Amri ile haikumpa mtu nafasi hiyo.

Kiswahili chetu kina maneno mawili yasiyofanana hata kwa herufi, basi hatuna kisingizio. Baraza ni mahali kwanza: kikalio cha mawe nje ya nyumba za Lamu, Mombasa na miji mingine ya pwani, ambapo watu huketi jioni kubarizi. Jina likahama kutoka kwa kikalio hadi kwa mkutano, kisha hadi kwa wakutanaji. Hivyo tuna baraza la chifu, Baraza la Mawaziri na Baraza la Mitihani. Shauri kwa upande wake ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na 'shura'. Nchini Oman, baraza lililoundwa mwaka wa 1991 linaitwa Majlis al-Shura, kikao cha kushauriana. Waarabu nao wamepita njia ileile ya Warumi: shauri likawapa washauri jina.

Katika Kiswahili, hata hivyo, shauri lilishika njia nyingine. Mtu asiyesikia onyo huambiwa 'shauri yako', na wanaosahihisha watasema iwe 'shauri lako', lakini mtaani atakayeelewa haraka ni yule aliyeambiwa la kwanza. Limekuja pia kumaanisha jambo linalobishaniwa, na hatimaye kesi yenyewe. Mahakama husikiliza mashauri.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mkalimani anayesikia 'counsel for the accused' na kukimbilia kamusi ya kichwani atasema 'shauri la mshtakiwa'. Mshtakiwa atasikia kwamba inazungumziwa kesi yake, ilhali hakimu anamzungumzia wakili wake. Hakimu akiuliza iwapo mshtakiwa ana 'counsel', naye aambiwe kuwa anaulizwa kama ana shauri, atajibu kwa unyenyekevu kwamba analo, ndilo lililomleta pale. Msomaji anaweza kucheka, mimi sicheki. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, haki ya kujulishwa hivyo mapema, na haki ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumiwa. Haki ya kwanza inaweza kupotelea mikononi mwa haki ya tatu, kwa sababu ya neno moja. Neno lifaalo ni wakili, na si jipya wala gumu.

Magazeti nayo yana kibarua chao. Cheo cha 'Senior Counsel', ambacho Rais huwatunuku mawakili waliobobea, huandikwa 'Wakili Mkuu' katika baadhi ya habari. Sioni kama tafsiri hiyo inafaa. Ukubwa wa cheo hicho ni wa tajriba na heshima, si wa kuwaongoza wengine, na 'mkuu' humfanya msomaji amwazie Mwanasheria Mkuu wa Serikali. 'Wakili mwandamizi' lingemtoa katika shaka hiyo. 'Baraza kuu', ambalo nimelisoma kwa macho yangu katika habari iliyohusu mtu mmoja tu, sitalijadili.

La kufurahisha ni kwamba wananchi wasiosoma kamusi wamelimudu 'council' kuliko wasomi. Walilichukua wakalifanya 'kanjo', jina la askari wa jiji wanaowafukuza wachuuzi. Mabaraza ya miji yalivunjwa mwaka wa 2013 kaunti zilipoanza kazi, lakini mama mboga akiona gari lao bado hupiga kelele 'Kanjo!' na hakuna anayedhani ameitwa kupewa ushauri. Vivyo hivyo diwani, ambaye kwa Kiingereza alikuwa 'councillor' na sasa ni mjumbe wa bunge la kaunti, amebaki na jina lake lenye asili ya Kiajemi, analogawana na kitabu cha mashairi. Mshauri wa wenye msongo wa mawazo ni 'counsellor', au 'counselor' kwa tahajia ya Wamarekani, ambao humwita hivyo wakili pia.

Na kwa wale wanaoandika ripoti za kesi kwa Kiingereza: 'counsel' lenye maana ya wakili halichukui 's' ya wingi. Mmoja ni 'counsel', na kumi ni 'counsel' vilevile.