Sheria za Utunzi na Ujamaa wa Watunzi

Wakazi wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru hulitaja jina la Sheikh Amri Abeid kila waendapo kutazama mpira, kwa kuwa ndilo jina la kiwanja cha mji wao. Si wote wakumbukao kuwa waziri huyo, aliyefariki mwaka 1964, alikuwa pia mshairi, na kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho chastahili kupimwa kwa swali moja: chamfaa nini mtunzi aliye peke yake?

Katika miji ya pwani, kijana mwenye kipaji aliweza kuketi karibu na wazee wajuzi, akasikia tungo zikighaniwa na kukosolewa. Mtu wa bara hakuwa na baraza hiyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilimpatia mfano wake: aliyeuliza jambo kwa shairi aliweza kujibiwa kwa shairi na mtu wa mji mwingine, asiyemjua hata kwa sura. Jibu la namna hiyo humpa mtunzi moyo kuliko sifa, maana hawezi kujibu ila aliyesoma kwa makini. Lakini wajibizanao hawana budi kuwa na kipimo kimoja.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya kitabu. Mwandishi wake, mzaliwa wa Ujiji, mbali na Bahari ya Hindi, aliyaweka wazi mambo ya vina, mizani, beti na vituo, hata asiye na mwalimu akaweza kujisahihisha. Ahesabuye silabi nane kwa nane kwa vidole vyake huweza kuiona kasoro yake kabla hajaonwa na wengine. Tena mwandishi hakuishia kuamrisha. Alitoa diwani yake pamoja na sheria, naye akapimwa kwa kipimo kile kile.

Hata hivyo, kilichokuwa mlango kiligeuzwa kuwa ukuta. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, mabishano makali yalizuka, na wako waliosema kuwa hayo si mashairi kabisa. Sheria zilizowakusanya watunzi zikatumiwa kuwatenga. Lawama hiyo haimwangukii Sheikh Amri peke yake, lakini kitabu chake kina sehemu ndani yake: kinaeleza umbo kwa ukamilifu kuliko kinavyoeleza ujasiri wa fikira.

Kijana wa Meru au wa Arusha, azungumzaye Kimeru au Kimaasai nyumbani na kutunga kwa Kiswahili, angali na faida ya kukisoma. Atapata humo kipimo cha kazi yake, na ushahidi kwamba lugha hii haikuwa mali ya watu wa pwani tu. Asichoweza kupata humo ni msomaji. Huyo atatoka miongoni mwa watunzi wenziwe, iwapo watakubali kusomana na kujibizana, awe mwenzao amefuata vina au ameviacha. Ujamaa wa watunzi ukikosa majibu hayo, sheria nzuri kupita zote hazitamzuia mwenye kipaji kuiweka kalamu chini.