Heko, mafundi wa sengenya

Ukivuka Horohoro kwenda Lungalunga, pasipoti yako hugongwa muhuri. Sengenya haigongwi. Wadigo wapo pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, kuanzia Mkinga hadi Kwale, na ngoma yao ni moja.

Pongezi za kwanza nazipeleka kwa mpiga nzumari. Mtazame kwa karibu: mashavu yamejaa, hewa anaivuta kwa pua huku ile ya mashavuni akiisukuma kwenye tete, na sauti haikatiki. Nyuma yake chapuo zinamjibu haraka haraka, nao msondo unashika mdundo mzito unaousikia kifuani.

Wachezaji hawana papara. Yanayosema ni mabega. Kule Ireland, katika ngoma yao ya asili, husema miguu, mikono ikatulia ubavuni. Kote kuwili mwili umefunzwa adabu ili kiungo kimoja kiimbe.

Fundi wa sengenya hakupewa cheti. Alikaa karibu na mzee wake, akasikiliza, akajaribu, akakosolewa, hadi mkono ukakubali. Wazee wetu, ahsanteni sana. Vijana, sogeeni karibu nao, nzumari haijipigi.