Kasiki Kati ya Viti Viwili

Muganza, wilayani Rusizi, ndiko kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilikoanza kazi mwaka 1984, kwenye kona ya Rwanda inayopakana na Kongo na Burundi. Mwenye gari la biashara huku hutembea na hati za mpakani, na siku nyingine ana faranga za nchi tatu pamoja na dola. Noti kubwa kuliko zote ya Rwanda ni ya 5,000, hivyo milioni moja ni noti 200. Bunda hilo halienei mfukoni, na kulisukuma chini ya kiti ni kumtunzia mwizi.

Ndiyo maana naistahi kazi ya fundi anayejua kufunga kasiki ndani ya kile kisanduku cha kati ya viti vya mbele, dereva anapoegemeza kiwiko. Fundi wa kweli hakimbilii drili. Kwanza hutoa waya hasi wa betri na kusubiri, kwa kuwa katika magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa imejificha papo hapo chini. Kisha hupima mdomo wa kisanduku, akapima na kitako, maana plastiki hiyo mara nyingi hupungua upana kadiri inavyoshuka. Asiyepima kitako hutengeneza kasiki isiyoingia.

Kasiki nzuri za aina hii huundwa kwa chuma cha karibu milimita 2.7, kwani bati jembamba hukunjika kwa bisibisi. Kuchomelea nako kuna subira yake: nukta hapa, nukta kule, chuma kipoe, la sivyo joto litapinda kifuniko kisifunge sawasawa. Bawaba hukaa ndani, na ukingo wa kifuniko huzama ili mtaimbo usipate pa kushika.

Uzuri wenyewe uko chini. Fundi hutumia matundu yaleyale ya bolti yaliyotobolewa kiwandani, hivyo kasiki hushikana na sakafu ya gari. Vichwa vya bolti hubaki ndani ya kasiki: asiyefungua kufuli hana pa kuweka spana. Mwisho hutandika kitambaa kizito ili sarafu zisigongane njiani na kutoa siri, halafu hurudisha kifuniko cha asili juu, gari lionekane halijaguswa.

Kuhusu kufuli, hesabu ni fupi. Namba tatu zina michanganyiko 1,000. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde mbili, humaliza yote kwa dakika 33 hivi. Namba nne humchukua zaidi ya saa tano. Ukichagua ya ufunguo, usiuchanganye na ule wa kuwashia gari, kwa sababu huo utaukabidhi kwa muosha magari.

Lakini ufundi wa chuma huharibiwa na mazoea ya mwenye gari. Weka fedha kabla hujaondoka, si baada ya kuegesha huku macho ya watu yakikutazama. Ya matumizi madogo acha mfukoni, usije ukafungua kasiki mbele ya umati. Na usiku ukifika, shuka na fedha zako: kasiki humshinda mwizi wa dakika mbili, haimshindi anayeondoka na gari zima.