Moneyball na Bahati Tunayoikumbuka Tukishindwa

Kila Oktoba mashabiki wa besiboli wa Marekani hurudia ugomvi uleule. Upande mmoja unasema mechi za mchujo ni kamari. Timu imecheza mechi 162, imeonyesha uwezo wake kwa miezi sita, halafu inawekewa wiki moja ambayo mpira mmoja ukidunda vibaya, kwisha. Upande wa pili unasema hayo ni maneno ya walioshindwa. Ukiwa na kipaji na moyo, wiki hiyo ni yako. Ukitetemeka, usisingizie bahati.

Mimi niliujua ugomvi huu kupitia filamu. Moneyball ilitoka 2011, imeongozwa na Bennett Miller na nyota wake ni Brad Pitt. Inatokana na kitabu cha Michael Lewis cha 2003 chenye jina hilohilo. Nimeitazama mara nyingi mno, na kila ninapowasikia watu wakiisifu, sifa ni ileile: maskini mwenye akili aliwashinda matajiri. Hapo ndipo nina neno. Kwanza, hakuwashinda. Pili, filamu yenyewe haijui ifanye nini na ukweli huo, na namna inavyojinasua ndiyo inayonisumbua.

Kwa ambao hawajaiona: Billy Beane ni meneja mkuu wa Oakland Athletics. Mwaka 2002 bajeti yake ya mishahara ilikuwa kama dola milioni 40. New York Yankees walikuwa na mara tatu ya hizo. Hawezi kununua mchezaji anayetakwa na kila mtu, kwa hivyo anawatafuta waliodharauliwa. Kipimo chake kikuu ni mara ngapi mpigaji anafika salama kwenye kituo, iwe amepiga mpira au amevumilia mipira minne iliyorushwa nje hadi akapewa njia ya bure. Soko lililipa vizuri mapigo makubwa. Uvumilivu uliuzwa kwa bei ya kutupa. Ndivyo alivyopatikana Scott Hatteberg, mdakaji aliyeharibika kiwiko, akafundishwa upya kucheza kituo cha kwanza.

Mawazo haya hayakuzaliwa Oakland. Mtu anayetajwa kama baba yake ni Bill James, ambaye miaka ya 70 alikuwa watchie wa usiku kwenye kiwanda cha maharagwe ya mikebe huko Kansas. Wenzake wakilinda na kusinzia, yeye alikuwa akipiga hesabu za besiboli, na mwaka 1977 akaanza kuzichapisha mwenyewe. Kwa miaka mingi wakubwa wa mchezo hawakumtambua. Hiyo peke yake ni stori tosha.

Na filamu ni nzuri, nisikatae. Kuna sehemu ambayo wazee wa kusaka vipaji wamekaa mezani wakijadili wachezaji. Wanazungumzia taya, wanazungumzia umbo, wanazungumzia hata mpenzi wa mchezaji: eti aliye na mpenzi asiyevutia hajiamini. Ukiwahi kukaa kwenye intavyuu ya kazi ukapimwa kuanzia viatu, hao wazee unawajua. Miller anawapiga picha polepole bila muziki wa kutuelekeza tucheke, na Pitt anatafuna huku akiwatazama kama mtu ambaye hukumu hii ilishawahi kutolewa juu yake. Na kweli ilitolewa. Mwaka 1980 Beane alichaguliwa na New York Mets katika raundi ya kwanza akiwa kijana wa shule, akaacha nafasi ya kwenda Stanford, na wazee kama hawa wakaapa kwamba atakuwa staa. Alicheza mechi 148 za ligi kuu, basi.

Tatizo la kwanza ni wale wasioonekana. Oakland ya 2002 ilikuwa na warushaji watatu ambao timu yoyote ingewatamani: Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito. Mwaka huo huo Zito alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Miguel Tejada, kutoka Jamhuri ya Dominika, akatajwa mchezaji bora wa American League nzima. Kwenye filamu Tejada anapita tu kama mtu aliyekosea mlango, na hao warushaji karibu hawapo. Si ajabu. Hawaingii kwenye hadithi ya waliodharauliwa. Walikuwa rahisi kwa sababu walikuwa vijana, na sheria za ligi humfunga mchezaji kwa timu yake kwa miaka sita ya kwanza kabla hajaweza kujiuza kwa amtakaye. Kwa hivyo timu ya "maskini" ilikuwa tajiri wa kipaji ambacho haikukilipia bei ya soko. Kukitoa hicho kipaji kwenye picha ili akili ya meneja ionekane kubwa zaidi, hiyo si kufupisha hadithi. Ni kuibadilisha.

Tatizo la pili ndilo kubwa, na ndilo linaloturudisha kwenye ugomvi wa Oktoba. Kilele cha filamu ni ushindi wa 20 mfululizo, Septemba 2002. Oakland wanaongoza 11-0 dhidi ya Kansas City, timu ambayo msimu huo haikuwa na lolote. Wanaachia uongozi wote hadi 11-11. Hatteberg anaitwa kutoka benchi, anaupiga mpira unavuka ukuta, 12-11. Uwanja unalipuka na sisi pia tunalipuka. Katika dakika zile zote hakuna anayetaja bahati. Timu iliyopoteza uongozi wa alama 11 imeponea pigo moja, na tunaambiwa ni mfumo.

Oakland walimaliza msimu na ushindi 103, sawa na Yankees na mamilioni yao. Halafu mchujo. Raundi ya kwanza, mshindi wa mechi tatu kati ya tano, dhidi ya Minnesota. Wakapoteza ya tano 5-4. Filamu inapita hapo kwa haraka ya mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Na sasa, ghafla, bahati ina nafasi yake. Msimu mrefu ulikuwa akili, wiki fupi ilikuwa kisirani. Lewis kwenye kitabu naye anasimama upande huohuo, ila yeye angalau anaeleza sababu: mechi tano ni chache mno kuthibitisha chochote.

Kwa hesabu, ana haki. Oakland walitolewa raundi hiyohiyo miaka minne mfululizo, 2000 hadi 2003, kila mara kwenye mechi ya tano. Mashabiki wa "moyo" huuliza: mara nne, na bado mnasema bahati? Lakini rusha sarafu mara nne. Uwezekano wa kupata upande mbaya zote nne ni 1 kwa 16. Ni nadra, ila si muujiza. Tuseme hata timu yako ina uwezo wa kushinda asilimia 60 ya mechi dhidi ya yeyote, kiwango ambacho timu chache hufikia. Kwenye mfululizo wa mechi tano bado utatolewa karibu mara moja kwa kila tatu. Kuvuka raundi ya mechi tano na nyingine mbili za mechi saba, nafasi yako ni kama theluthi moja. Yaani timu bora kabisa, ikiwa na siku zake za kawaida, mara nyingi haitwai kombe.

Mifano imejaa. Seattle walishinda mechi 116 mwaka 2001 na hawakufika World Series, ambayo ndiyo fainali. St. Louis walishinda 83 tu mwaka 2006 na wakalibeba. Mwaka 2023 timu tatu zilifikisha ushindi 100 au zaidi, Atlanta, Baltimore na Los Angeles Dodgers, na zote tatu zilitolewa kwenye mfululizo wao wa kwanza.

Lakini upande wa kipaji una hoja ambayo wapenzi wa takwimu hupenda kuiruka. Mchezo wa Oktoba si mchezo uleule. Kwenye msimu unahitaji warushaji watano kwa zamu, maana mkono unachoka. Kwenye mchujo kuna siku za kupumzika, kwa hivyo watatu bora wanabeba karibu kila kitu. Timu yenye vichwa vitatu vikali inapaswa kufaidika. Sasa fikiria: nani alikuwa na watatu wakali kuliko Oakland? Hoja nzuri ya kipaji inawapa ushindi haohao walioshindwa.

Ndiyo maana mimi hurudi kwa pigo moja la 2001, msimu ambao filamu inaanzia mwisho wake. Mechi ya tatu, Oakland wakiwa mbele ya Yankees kwa mechi mbili kwa nunge, lakini usiku huo wako chini 1-0. Jeremy Giambi anakimbilia nyumbani kusawazisha. Mpira kutoka pembeni unarushwa vibaya, unapita juu ya waliotakiwa kuudaka. Anatokea Derek Jeter, mahali ambapo mchezaji wa nafasi yake kwa kawaida hana kazi, anaunyaka na kuutupia kando kwa mdakaji wake Jorge Posada. Giambi anakuja wima, hajateleza chini. Anaguswa. Mechi inaisha 1-0 na Oakland wanapoteza na zote mbili zilizobaki.

Niambie hapo kuna nini. Kipaji? Kipo; ni wachache wangeiona ile nafasi. Bahati? Ipo, mrusho ulikuwa mbovu, na kama ungekuwa mbovu zaidi Jeter asingeufikia. Kosa? Huenda, angeteleza tungekuwa tunasimulia mengine. Vitu vitatu vimeshikana kiasi kwamba ukivuta kimoja vinakuja vyote. Ugomvi wa mashabiki unadhani ni lazima uchague.

Bill James mwenyewe, baada ya miaka mingi ya watu kutumia njia zake kukana kwamba kuna wachezaji wa nyakati ngumu, aliandika mwaka 2004 makala ya kulinganisha jambo hilo na ukungu. Askari wa zamu asipoona kitu kwenye ukungu, haina maana hakuna kitu. Mtu aliyelinda kiwanda usiku anajua anachosema.

Filamu haina uvumilivu huo. Inahitaji tuzo ya kumalizia, na kwa kuwa Oakland hawana, inaikopa Boston. Tunaoneshwa Red Sox wakimpa Beane ofa ya dola milioni 12.5, anakataa, na maandishi ya mwisho yanatuambia Boston walitwaa kombe miaka miwili baadaye, la kwanza tangu 1918, kwa mawazo yaleyale. Unaondoka umeridhika: kumbe njia ilikuwa sahihi.

Hebu tuangalie hiyo 2004. Boston walikuwa na bajeti ya pili kwa ukubwa, nyuma ya Yankees tu. Na walikuwa wametandikwa tatu kwa bila na hao Yankees. Mechi ya nne, kipindi cha tisa, wako nyuma kwa alama moja na anayerusha ni Mariano Rivera, pengine mfungaji mechi bora aliyewahi kuwepo. Dave Roberts anaiba kituo cha pili, anaponea kwa inchi kadhaa. Mwenzake anapiga, Roberts anafunga, Boston wanashinda usiku ule na hawapotezi tena mechi hata moja mpaka kombe. Kama kushindwa kwa Oakland ni bahati mbaya, basi zile inchi za Roberts ni nini? Filamu imeita kushindwa bahati na kushinda ushahidi. Hauwezi kula pande zote mbili, bana.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu tabia hii haiko kwenye besiboli tu. Mimi niliacha chuo kikuu, na nimegundua watu wana maelezo mawili tu ya kukupa. Wanaokupenda wanasema hukuwa na bahati. Wengine wanasema hukuwa na kichwa. Waliomaliza wakapata kazi wanasemekana walijituma, na hakuna anayeuliza karo ililipwa na nani. Shuleni tulifundishwa "mtaka cha mvunguni sharti ainame" na "bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi" na mwalimu mmoja, na hakuna aliyetuambia lini utumie ipi. Tulijifunza wenyewe: ya kwanza kwa walioshinda, ya pili kwa walioshindwa. Miaka minne ya sekondari inapimwa kwa wiki chache za KCSE, halafu wiki hizo zinasomwa kama tabia ya mtu.

Kitu kizuri alichokifanya Beane si kuwashinda matajiri. Alikataa kumhukumu Hatteberg kwa kiwiko kimoja, akampa mechi za kutosha kuonyesha alichonacho. Takwimu, zikitumiwa vizuri, ni subira tu iliyoandikwa kwa namba. Wengi tunaowajua hawajawahi kupewa mechi 162 za chochote.

Kwa hivyo itazame Moneyball, au itazame tena. Mabishano ya wazee mezani peke yake yanalipa muda wako. Ila safari hii hesabu dakika inazowapa Minnesota. Na yale maandishi ya Boston yakitokea mwishoni, fikiria Roberts ameguswa kabla ya kufika kituo cha pili, halafu jiulize kama mawazo ya Beane yangekuwa mabaya zaidi kwa sababu hiyo.