Kichwa kizito hakitaki baruti ya haraka

Tarehe 4 Julai 1925, Wamarekani wakisherehekea uhuru wao, kijana wa shambani aitwaye Elmer Keith alifyatua bastola yake ya Colt .45, na sehemu ya juu ya silinda ikang'oka na kuruka. Maganda alikuwa ameyajaza mwenyewe kwa baruti nyeusi, akayatia vichwa vizito vilivyokusudiwa bunduki ndefu. Yeye alinusurika, lakini bastola ilikwisha.

Kwa Kiswahili neno risasi ni madini na pia ni kile kinachotoka mtutuni, kwa hiyo tukubaliane mapema: hapa kinachoruka nitakiita kichwa, kinachobaki ni ganda, na risasi ni madini.

Keith aliisoma ajali ile vizuri. Silinda ya .45 ina matundu makubwa, na kuta zinazobaki ni nyembamba. Akahamia .44 Special, ganda lililoanza kutumika mwaka 1907, ambalo katika silinda ya ukubwa uleule huacha chuma kingi zaidi. Kiwandani lilikuwa likitoka na kichwa cha gramu 16 hivi kinachokwenda mita 230 kwa sekunde. Keith akabuni kichwa chake mwenyewe, chenye uzito wa karibu gramu 16, pua pana iliyokatwa bapa na mfereji wa mraba wa kubeba mafuta. Alitaka kiende mita 366 kwa sekunde. Kalibu alikuwa nayo. Tatizo lilikuwa baruti.

Watu wengi huuliza ni baruti ipi iliyo kali, nami naona hilo ndilo kosa la kwanza. Swali lenyewe ni: inaungua kwa muda gani? Baruti ya haraka kama Bullseye, iliyokuwapo tangu mwaka 1898, hutoa karibu gesi yake yote kichwa kikiwa hakijasogea sana. Kichwa chepesi hutoka upesi na kuipa gesi nafasi ya kutanuka. Kizito hakitoki upesi, na kwa sababu ni kirefu, huzama zaidi ndani ya ganda na kuipunguza nafasi iliyokuwapo. Kanieneo hupanda ghafla, na mzigo wote huangukia kuta za silinda. Aliyewahi kusukuma gari lililokwama anajua kwamba teke halisaidii. Unaweka bega, unaegemea, na unaendelea kusukuma likishaanza kutembea.

Bega hilo lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Hercules ilipotoa baruti iitwayo 2400. Haikutengenezwa kwa ajili ya bastola. Ilikusudiwa ganda dogo la bunduki, .22 Hornet. Huungua polepole, kwa hiyo kichwa kinapokimbia na nafasi nyuma yake ikiongezeka, gesi mpya huendelea kuijaza. Kilele cha kanieneo hakipandi juu kama kile cha baruti ya haraka kwa kasi ileile. Gharama yake ni mwako mkubwa mdomoni mwa mtutu na punje ambazo hazikuungua.

Kuna faida nyingine, na mimi naithamini kuliko kasi. Kipimo cha Bullseye hakijazi hata nusu ya ganda la .44, kwa hiyo mjazaji aliyesahau akamimina mara mbili anaweza asione chochote. Kipimo kizito cha 2400 kikimiminwa mara mbili humwagika mezani.

Polepole nayo ina mpaka. Baruti ya H110 huungua polepole zaidi, na haivumilii kupunguzwa chini ya kipimo kilichochapishwa. Ikipungua inaweza kuwaka vibaya na kukiacha kichwa katikati ya mtutu, na atakayefyatua tena bila kuangalia anaweza kupasua mtutu. Kwa anayetaka kasi ya wastani tu, 2400 ina uvumilivu zaidi.

Risasi inapoganda ndani ya mtutu, lawama huangushiwa baruti. Mara nyingi baruti haina kosa. Keith alichanganya sehemu 16 za risasi na 1 ya bati, mchanganyiko laini kiasi, na bado mtutu wake ulibaki safi kwa sababu kichwa kilienea vizuri. Kikiwa chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni, huchoma ubavu wake na kupaka madini ukutani. Kabla ya kubadili baruti, pima koo la kila tundu la silinda: likiwa dogo kuliko mtutu, kichwa kitabanwa kabla hakijafika mtutuni.

Sipendekezi mtu ayaige maganda ya Keith. Kikomo cha .44 Special leo ni pauni 15,500 kwa inchi ya mraba, naye alikuwa akikivuka akitegemea bastola imara alizozijua. Smith & Wesson na Remington walipolitekeleza wazo lake mwishoni mwa 1955, .44 Magnum ilipewa kikomo chake, ambacho sasa ni pauni 36,000, na ganda lililorefushwa kwa milimita 3 hivi. Urefu huo uliwekwa ili lisiweze kuingia katika silinda ya .44 Special.