Nani Aliyemfungua Liyongo?



Mbele yangu pana daftari la mwanafunzi, jalada lake limekunjika pembe, na ndani yake mna insha ya kurasa sita. Imeandikwa na binti wa miaka 16 ambaye husoma skuli asubuhi na kuja chuoni kwangu jioni. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliighadhibikia, mara ya pili nilinyamaza, na mara ya tatu nilijiona mimi ndiye niliyekuwa nikisomeshwa. Kwa hivyo nimeona si vyema niifungie sandukuni. Yafaa niipime mbele yako, nikutajie uzuri wake na makosa yake, kisha wewe uhukumu.

Asili ya jambo ni hii. Siku za likizo niliwaagiza wanafunzi wangu wakubwa waisome tena hadithi ya Fumo Liyongo, si kwa kuisikiliza kwa bibi zao bali kwa kuisoma kitabuni. Niliwaazima nakala ya *Tenzi Tatu za Kale*, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Kila mmoja alitakiwa aandike amejifunza nini juu ya ushujaa, juu ya usuhuba, juu ya kusaidiana, na juu ya faida ya kusoma. Karibu wote waliniletea jambo moja: Liyongo alikuwa na nguvu, watu walimwogopa, akauawa kwa khiana, basi tujihadhari na wasaliti. Ni maneno ya kweli, lakini ni maneno niliyowafundisha mwenyewe. Walinirejeshea sauti yangu kama pango linavyorejesha ukelele.

Binti huyu hakufanya hivyo. Insha yake ilianza kwa kuuliza: Ni nani aliyemfungua Liyongo? Na jawabu lake likawa kwamba shujaa wa kisa ni Saada, kijakazi.

Kwa asiyekijua kisa, au aliyekisahau, nitakieleza kwa ufupi. Utenzi huu ulitungwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mtu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati nzuri na fundi wa kuchonga mbao. Kisa chenyewe ni cha kale zaidi, na wataalamu wamehitilafiana juu ya zama alizoishi Liyongo. Alikuwa mtu wa Shanga, mrefu, mwenye nguvu, hodari wa upinde na hodari wa mashairi. Sultani wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya ufalme, akatafuta njia ya kumuua. Kwanza aliwatumia watu wa mwituni wale naye kikoa cha makoma: kila siku mmoja wao apande mkoma awaangushie wenziwe, na zamu ya Liyongo ikifika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo alipofikiwa na zamu hakupanda. Alisimama chini akayaangusha makoma kwa mishale yake.

Hila hiyo iliposhindwa alikamatwa Pate akatiwa gerezani, akafungwa pingu, akahukumiwa kufa. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi wake, Saada. Chakula kizuri walikila walinzi. Liyongo akamwagiza Saada kwa shairi: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakauacha upite. Kisha Liyongo akaomba, kama haja yake ya mwisho, apigiwe gungu. Watu wakakusanyika, pembe zikalia, ngoma zikarindima, na chini ya kelele zile yeye akakereza pingu kwa tupa mpaka zikakatika. Akatoka, na walinzi wakatawanyika. Baadaye mwanawe mwenyewe alighuriwa kwa ahadi za Sultani, akamdadisi baba yake siri ya mauti yake, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa amelala. Liyongo akafa kisimani, amepiga goti, mshale u upindeni, na watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Haya basi, tuitazame insha.

Katika ushujaa, hoja ya binti ni hii: Liyongo alipokuwa huru, nguvu zake zilimtosha. Alipofungwa, nguvu zile hazikumfaa kitu. Aliyekuwa na miguu ya kuingia na kutoka ni kijakazi, na mkate ule angalikamatwa nao angaliuawa yeye kabla ya Liyongo. Kwa hivyo, asema, ushujaa haupimwi kwa upana wa kifua bali kwa ukubwa wa khatari ambayo mtu aikubali kwa ajili ya mwenziwe.

Hapo ndipo nilipoghadhibika. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Umetoka nje ya maudhui." Nakiri mbele yako, msomaji. Nimeufundisha utenzi huu zaidi ya miaka 30. Nimewakaririsha watoto habari za panda aliyoipuliza Liyongo ikapasuka, na za mfuko aliotoa ndani yake kinu na mchi na mawe ya kusagia. Lakini Saada nilimpita kila mwaka kama mtu apitavyo mlango wa nyumba asiyo na haja nayo. Wala si kwamba mshairi alimficha. Jina lake limo. Mimi ndimi niliyekuwa na macho nisione.

Nilipoifuta ile khati nyekundu nikarudi kitabuni, nilikumbuka jambo ambalo binti hakuliandika, nami naliongeza hapa kumtilia nguvu. Serikali ya Kiingereza iliuondolea utumwa nguvu za sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kijumwa alitunga mwaka 1913. Ina maana wale waliomsikiliza Lamu walikuwa na majirani, na pengine watu wa nyumbani mwao, ambao miaka sita tu nyuma walikuwa wakimilikiwa. Mtu aliyetaja jina la kijakazi mbele ya wasikilizaji kama hao, akautia uhai wa shujaa wao mkononi mwake, hakufanya jambo dogo. Kama alikusudia tulizingatie, au alisimulia tu alivyopokea, mimi siwezi kumsemea. Lakini jina ameliacha, na ni juu yetu kulisoma.

Hata hivyo, insha ina makosa, na mwalimu asiyetaja kosa la mwanafunzi amemdhulumu.

Kosa la kwanza li katika usuhuba. Binti amemwita Saada "rafiki wa kweli" wa Liyongo, akamlinganisha na yule mwana aliyemuua baba yake. Mlingano ni mzuri kwa masikio: wa damu alikhini, na wa mbali aliokoa. Lakini, mwanangu, rafiki ni mtu ambaye angaliweza kukataa. Saada alitumwa. Hakuna aliyemuuliza kama ataka kubeba tupa mbele ya walinzi wenye silaha. Huenda alimpenda bwana wake, na huenda aliogopa kusema la. Utenzi hautufungulii moyo wake, wala hautuelezi kuwa alilipwa nini Liyongo alipotoka. Tukiharakia kuliita jambo hili urafiki, tutakuwa tumejisafisha sisi, si kumtukuza yeye. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ada ya kusema kuwa watumwa wao walikuwa kama watoto wao. Pengine wako waliowatendea wema, lakini anayestahiki kuulizwa neno hilo ni aliyetumwa, siye aliyetuma. Mwite Saada shujaa, nami nakubali. Urafiki uache mpaka upate ushahidi.

Kosa la pili li katika kusaidiana. Insha yasema kwamba watu wa gungu wote walikuwa wasaidizi wa Liyongo, kila mmoja kwa ngoma yake na pembe yake. Si hivyo. Wengi wao walikuja kucheza. Hawakujua kuwa kelele zao zilikuwa zikifunika mlio wa tupa. Mtu akikusaidia bila kujua, amekufaa, lakini hamkushirikiana. Ushirika una nguzo mbili: kujua mfanyalo, na kulitaka. Kwa kipimo hicho, ushirika wa kweli katika kisa hiki ni wa watu watatu: mfungwa aliyetunga shauri, mama aliyeoka mkate, na kijakazi aliyeupeleka. Mmoja angalikosa, pingu zingalibaki mikononi.

Na katika mlango huu huu binti ameacha mfano mkubwa uliokuwa mbele ya macho yake. Kikoa cha makoma nacho kilikuwa ushirika! Kilikuwa na zamu, utaratibu na mapatano, na kila mmoja alijua kazi yake. Ulikuwa ushirika kamili wa kumuua mtu mmoja. Vijana wa leo huambiwa kila mahali, skulini na viwanjani na makazini, "shirikianeni, shirikianeni", kana kwamba kushirikiana ni wema kwa nafsi yake. Sivyo. Wezi hushirikiana, na wala rushwa hushirikiana vizuri zaidi kuliko wanakamati wa msikiti. Katika Suratul Maida tumeamrishwa kusaidiana, na papo hapo tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Kwa hivyo swali la kwanza la mtu aitwaye kwenye kikoa si "Zamu yangu lini?" bali "Tunakula nini, na nani atakayefumwa?"

Sasa nije kwenye kusoma, na hapa binti amenishinda kabisa. Aeleza kwamba kisa hiki alikisikia kwa bibi yake tangu utotoni, na katika masimulizi ya bibi yake palikuwa na "mtumishi" tu, hana jina. Kitabuni ndipo alipokutana na Saada. Kwake yeye, faida ya kusoma ni kuwapata watu ambao masimulizi yamewaangusha njiani.

Mimi nitaongeza lingine. Lile shairi la kuagizia mkate lilipita mbele za walinzi. Wao walikuwa na masikio kama Saada, wala mkate haukufunikwa. Lakini walikuwa wakitazama chakula kizuri tu, basi wakaona wishwa na hawakuona tupa. Mama, yeye, aliyasikia maneno machache akafahamu yote. Huko ndiko kusoma, ndugu msomaji, hata kama mtu hajui alifu wala be. Na mwenye elimu aliyekariri beti zote bila ya kuuliza mkate ulibebwa na nani, huyo ni mlinzi wa mlangoni, ingawa amevaa kilemba. Nasema haya nikijihesabu mimi wa kwanza.

Tusisahau pia kuwa kisa hiki kingalipotea kama si kalamu. Kijumwa aliandika kwa khati za Kiarabu na kunakili kwa mkono wake, na miongoni mwa nakala zake ziko zilizohifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya SOAS, London. Alice Werner alichapisha habari za Liyongo katika jarida la chuo hicho mwaka 1926. Ni vyema waliohifadhi washukuriwe. Lakini yatuhuzunisha kwamba mjukuu wa Lamu au wa Siyu aweza kumaliza skuli bila kuugusa utenzi huu, ilhali mwanafunzi wa Ulaya ameusoma mpaka herufi zake.

Mwenzangu mmoja katika ualimu alipoiona insha hii alisema isipewe alama ya juu, kwa kuwa yawafundisha watoto kuwadharau mashujaa wao. Nilimjibu kwamba Liyongo hakupunguzwa kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyejua kuwa mikono yake haitoshi, akaomba msaada kwa mwanamke mzee na kijakazi. Shujaa anayejua lini nguvu zake zimekwisha ni mkubwa kuliko yule asiyejua. Wenye kumpunguza ni sisi tunaomsimulia kana kwamba alizikata pingu zile kwa meno.

Nilimwita binti nikampa daftari lake. Nilimwambia, "Mwanangu, andika upya mlango wa usuhuba na mlango wa kikoa. Ushujaa na kusoma usiviguse." Akanijibu kwa adabu, macho yake chini, "Vyema, Maalim." Kisha akatua kidogo, akauliza, "Na Maalim, mwakani utausomesha vipi?"

Swali hilo sikulitarajia. Nilimwambia kwamba mwakani nitaanza na mkate.

Nawe, ndugu msomaji, ikiwa una watoto nyumbani, kitafute kitabu hiki, uwasomee usiku mmoja baada ya Isha. Usiwaulize Liyongo alikuwa mrefu kiasi gani. Waulize ni nani waliomsaidia, ni nani kati yao aliyeweza kukataa, na ni nani hakuulizwa. Kisha waache wazungumze, nawe usiishike kalamu nyekundu upesi kama nilivyoishika mimi.

Wabillahi tawfiq.