Uhuru wa Mnunuzi na Mkono wa Muuzaji

Kila mjadala wa kuhalalisha bangi na dawa nyingine za kulevya unapopamba moto, kitabu kimoja hurudi midomoni mwa watu, nacho ni kile cha John Stuart Mill kiitwacho On Liberty, yaani Juu ya Uhuru, kilichochapwa London mwaka 1859. Watetezi wa uhalalishaji hutwaa humo kanuni moja: kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe, ila kwa kuwakinga wengine na madhara. Kanuni hiyo ni fupi, nayo hukumbukwa kwa urahisi. Lakini kanuni siyo kitabu kizima. Nguvu na udhaifu wa kitabu hiki huonekana hasa katika sura yake ya tano, ambamo mwandishi ameiteremsha kanuni yake kutoka mawinguni na kuijaribu sokoni.

Katika sura hiyo Mill ametaja pamoja mambo matatu: sheria ya jimbo la Maine, huko Marekani, iliyokataza uuzaji wa vileo mwaka 1851, katazo la kuingiza afyuni China, na vizuizi vya kuuza sumu. Hukumu yake ni kwamba makatazo ya namna hii yana kosa, si kwa kuwa yanamdhulumu mtengenezaji au muuzaji, bali kwa kuwa yanamdhulumu mnunuzi. Sumu na iuzwe, asema, lakini chupa iandikwe wazi kuwa ni ya hatari, na muuzaji aweke daftari la jina la mnunuzi, kiasi alichonunua na saa aliyonunua. Kwa njia hiyo mtu huonywa bila ya kuzuiwa.

Hapana shaka kwamba hoja hii ina nguvu. Inambebesha mkatazaji mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Watetezi wa makatazo hupenda kutegemea hekima ya wahenga kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mithali hiyo ni ya kweli, lakini inasema juu ya mwana. Anayeitumia kwa raia mwenye ndevu na kura yake amekwisha kumfanya mtoto kabla hajathibitisha kwamba ni mtoto. Tena, ushahidi haukuwa upande wa mkatazaji siku zote. Tume iliyoundwa mwaka 1893 kuchunguza bangi katika Bara Hindi ilisikiliza mashahidi 1,193, na taarifa yake ya mwaka 1894 ilieleza kwamba matumizi ya kadiri hayakuonekana kuleta madhara makubwa mwilini, akilini wala katika maadili. Ilishauri leseni na kodi, si katazo kamili. Hata hivyo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 uliiweka bangi pamoja na heroini katika orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, na ni katika Desemba 2020 tu ndipo tume ya Umoja wa Mataifa ilipoitoa katika orodha hiyo, kwa kura 27 dhidi ya 25.

Lakini msomaji mwangalifu hataupita mfano wa China bila ya kusimama. Mill aliitumikia Kampuni ya East India tangu mwaka 1823 mpaka mwaka 1858. Kampuni hiyo ndiyo iliyohodhi afyuni ya Bengal, ikaiuza mnadani Calcutta, nao wafanyabiashara wakaivusha kwa magendo mpaka China, ambako dola ilikuwa imeipiga marufuku. Vita vya kwanza vya afyuni vilipiganwa toka 1839 hadi 1842. Kitabu kilipotoka, vita vya pili vilikuwa havijamalizika, na mapatano ya mwaka 1858 yalikuwa yamekwisha kuipangia afyuni ushuru, ikawa bidhaa halali. Mbele ya mambo hayo, kusema kwamba anayedhulumiwa na katazo ni mnunuzi wa Kichina ni kusema nusu ya habari. Mnunuzi yumo katika hoja, na muuzaji mwenye manowari ametoweka.

Dosari hii siyo ya maisha ya mwandishi tu, hata mtu aseme kwamba hoja ihukumiwe mbali na mtoa hoja. Imo ndani ya kitabu chenyewe. Katika sura ya kwanza Mill anawatoa watoto katika kanuni yake. Kisha anawatoa na watu wa jamii anazoziona kuwa bado changa, ambao kwao, asema, utawala wa mabavu ni halali iwapo nia ni kuwaendeleza. Basi mtu wa Asia anatajwa kuwa huru anapofika dukani kununua afyuni, na jirani yake anahesabiwa kuwa mtoto anapodai kujitawala. Uhuru unaotambuliwa mbele ya muuzaji tu, usitambuliwe mbele ya mtawala, ni uhuru wenye kasoro kubwa.

Wapinzani wa uhalalishaji nao wana kipande chao katika kitabu hicho hicho. Mill amekataa kwamba mtu aweza kujiuza utumwani, kwa sababu uhuru hauwezi kutumiwa kujifuta wenyewe. Kutokana na hayo husemwa kwamba mlevi wa dawa ni mtumwa, na kwa hiyo azuiwe. Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, neno hilo si la kuchezewa. Mtumwa alikuwa na bwana aliyemnunua, na sheria iliyomrudisha alipotoroka. Mwenye kutawaliwa na heroini ana maradhi yanayotibika, na wengi wa wavutao bangi hawafikii hali hiyo, ingawa sayansi ya leo imeonyesha uhusiano kati ya kuvuta bangi kali kila siku na maradhi ya akili, hasa kwa vijana. Mfano wa utumwa, basi, hauthibitishi yale unayotakiwa kuyathibitisha. Unachanganya dawa moja na nyingine, kisha unamtia gerezani yule yule anayeitwa mtumwa.

Kuna sentensi chache ambazo pande zote mbili huzipita upesi. Mill akubali kwamba wauza vileo hufaidika kwa ulevi kupindukia, na kwamba faida hiyo ni uovu wa kweli unaoipa dola haki ya kuwabana. Hapo ndipo ulipo mlango ambao mjadala wa leo ungepaswa kuupitia. Uruguay, iliyohalalisha bangi mwaka 2013, ilikataza kuitangaza, ikaruhusu kuipanda nyumbani, vyama vya wapandaji na uuzaji katika maduka ya dawa. Ureno, tangu mwaka 2001, haimshitaki kama mhalifu mwenye dawa kidogo kwa matumizi yake, lakini uuzaji umebaki kuwa jinai. Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini mwaka 2018 ilimruhusu mtu mzima kupanda na kuvuta faraghani, wala haikuruhusu biashara. Nchi hizi zimeona kwamba kumwacha huru mtumiaji siyo lazima kuwe ni kumfungulia mlango mchuuzi.

Na historia ya miraa yatimiza uhakiki huu. Baraza la washauri wa serikali ya Uingereza lilishauri mwaka 2013 kwamba miraa isipigwe marufuku, kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Juni 2014 ikapigwa marufuku, na wakulima wa Meru wakapoteza soko. Dola iliyofungua milango ya China kwa mizinga ikafunga milango yake kwa sheria. Mara zote mbili aliyeamua ni mwenye nguvu.

Kiswahili kimehifadhi somo hili katika neno moja. Kasumba ilikuwa jina la afyuni; leo ni jina la mawazo ambayo mtu amelishwa na mwingine mpaka akayadhani kuwa yake. Mwenye kukisoma kitabu cha Mill kwa haki atakubali kwamba mtu mzima ana haki ya kuchagua hata lisilomfaa. Lakini kabla ya kuuita uchaguzi huo uhuru, atauliza nani aliyeileta bidhaa, nani anayepata faida, na nani anayekwenda gerezani kwa ajili yake.